Kuchagua kitako kipya cha bunduki ya kuwindia ya komeo: mwongozo kamili

Kitako kina kazi mbili: kushika chuma cha bunduki mahali palepale kila risasi inapotoka, na kuleta jicho la mpigaji nyuma ya darubini mahali palepale kila anapoinua silaha. Rangi, nakshi na jina la kiwanda vinafuata mbali sana nyuma. Wanunuzi wengi huanzia huko nyuma, kisha wanajikuta na kitako cha kupendeza kisichoingia kwenye bunduki yao, au kinachoingia vizuri lakini kinawagonga shavuni kila wakifyatua.

Katika mwongozo huu, akshoni ni kile chuma cha katikati ambamo komeo hutelezea na ambacho mtutu umefungwa kwake. Mkono wa mbele ni sehemu ya kitako iliyo chini ya mtutu, na shingo ni pale unaposhika kwa mkono wa kufyatulia.

Jua kwanza kinachokusumbua

Kabla ya kutoa pesa, itaje shida kwa jina lake, maana shida nyingine hazihitaji kitako kipya.

Bunduki ikitawanya risasi ovyo, anza na mambo ya bei nafuu. Kagua skrubu za darubini (za pete zinazoshika darubini hukazwa kwa kiasi cha Nm 2 hivi, yaani newton-mita, na mara nyingi ndizo zilizolegea), jaribu aina nyingine ya risasi, na tazama mdomo wa mtutu kama una jeraha. Kitako hakiponyi lolote kati ya hayo. Risasi zikihama kwa pamoja kutoka msimu wa mvua hadi wa kiangazi, na kitako ni cha mbao, basi mbao inavimba na kuusukuma mtutu. Hapo kupanua mfereji wa mtutu (ule mfuo wa kitako ambamo mtutu hulala) kwa msasa na kulaza akshoni kwenye epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu, huenda kukatosha. Risasi zikibadilika kulingana na unavyoegemeza bunduki, yaani kwenye mfuko wa mchanga zinapiga hapa na kwenye miguu miwili inayofungwa chini ya mkono wa mbele zinapiga pale, mshukiwa ni mkono wa mbele uliolegea. Hili ni tatizo la kawaida la vitako vya plastiki vya kiwandani, na kwa kweli ndiyo sababu bora zaidi ya kubadilisha kitako.

Ili kulithibitisha, egemeza bunduki tupu kwenye miguu miwili, pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mkono wa mbele, kisha sukuma bunduki chini na pembeni kama unavyofanya ukipiga. Karatasi ikibanwa, mtutu haueleli, yaani unagusa kitako.

Shida ikiwa ni shavu kutofika kwenye usawa wa darubini, mto wa shavu wa kufunga kwa mkanda unaweza kumaliza kazi. Ikiwa ni teke, yaani msukumo wa bunduki begani unapofyatua, jaribu kwanza mpira laini wa begani na urefu sahihi wa kitako.

Itambue bunduki hadi kwenye skrubu zake

Hapa ndipo makosa ya ununuzi hutokea. Jina la bunduki peke yake halitoshi. Andika mambo haya na uyalinganishe na maelezo ya kitako neno kwa neno: aina kamili, urefu wa akshoni, upande wa komeo (kulia au kushoto), aina ya magazini, unene wa mtutu, aina ya kifyatulio, na umbali kati ya vituo vya skrubu zinazofunga akshoni, uliopimwa kwa kalipa.

Chukua Remington 700, ambayo ilitoka mwaka 1962 na ndiyo yenye vitako vingi zaidi sokoni. Akshoni yake fupi hubeba risasi za jamii ya .308 Winchester na .243 Winchester, na ndefu hubeba .270, .30-06 na magnum kama .300 Winchester Magnum. Zaidi ya hapo, toleo la ADL limefungwa chini bila mlango wa magazini, ilhali BDL lina bamba la chini linalofunguka. Kitako cha ADL hakina tundu la kupitisha vyuma vya BDL. Bunduki mbili zenye jina moja na risasi moja, basi, zinaweza kuhitaji vitako viwili tofauti. Viwanda vingine pia hutengeneza akshoni za mtindo huo huo wa 700, lakini mpini wa komeo au umbo la mkia wa akshoni (ncha yake ya nyuma) hutofautiana kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachozuia komeo kufunga.

Bunduki nyingine zina tabia zao. Tikka T3 na T3x hutumia akshoni ya urefu mmoja kwa risasi zote, jambo linalorahisisha uchaguzi, ila kizuio cha teke (chuma kinachopeleka teke kutoka akshoni hadi kwenye kitako) ni kipande cha pekee kinachokaa ndani ya kitako na kuingia kwenye mfuo wa akshoni. Uliza kama kitako kipya kinakuja nacho au utahamisha cha zamani. Howa 1500 ina tumbo bapa, na Weatherby Vanguard hutumia akshoni hiyo hiyo, kwa hiyo orodha ya vitako vyako inaongezeka. Skrubu ya mbele ya Ruger M77 inaingia kwa mshazari, si wima, na hakuna kitako cha bunduki nyingine utakachokichonga kikakubali kirahisi. Kwa Winchester 70, taja kama ilitengenezwa kabla au baada ya mabadiliko ya 1964.

Mtutu upime kipenyo mahali pawili: sentimita 3 mbele ya akshoni, na pale mkono wa mbele unapoishia. Mfereji wa kitako uwe umezidi mtutu kwa angalau mm 1.5 kila upande. Mfereji ukiwa mpana kuliko hapo haudhuru ulengaji, ila majani na mchanga vitaingia na sura haitapendeza. Ukiwa mwembamba kwa plastiki au mbao utauchonga. Ukiwa mwembamba kwa kitako cha nyuzi za kaboni, rudisha kitako, kwa sababu ukichonga unakata nyuzi zile zile ulizozilipia.

Umebadilisha kifyatulio? Pima upana wa sanduku lake. Vifyatulio vya ziada mara nyingine ni vipana kuliko vya kiwandani na hugusa ukuta wa kitako, na kifyatulio kilichobanwa ni hatari kabla hakijawa kero.

Pima mwili, ukiwa umevaa nguo za kuwindia

Urefu wa kitako hupimwa kutoka katikati ya kifyatulio hadi katikati ya mpira wa begani. Viwandani kawaida ni mm 340 hadi 350, kipimo kinachomfaa mtu wa kimo cha wastani aliyevaa shati jepesi. Kipimo cha zamani cha kuweka kitako kwenye kiwiko kilichokunjwa ni cha kukisia tu. Bora ufanye hivi: bunduki ikiwa tupu, fumba macho, iinue begani kama utakavyopiga, laza shavu, kisha fumbua. Picha ndani ya darubini iwe duara kamili lenye mwanga hadi ukingoni. Kidole gumba cha mkono wa kufyatulia kiwe mbali na pua kwa upana wa vidole viwili hadi vitatu. Kikigusa pua, kitako ni kifupi. Ukinyoosha shingo kuifuata darubini, ni kirefu.

Koti zito humeza mm 10 hadi 15, hivyo mwenye kuwinda kwenye baridi na joto anafaidika na kitako chenye vipande vya kuongeza na kupunguza urefu. Kama lazima uchague kosa moja, chagua ufupi kidogo: kitako kirefu hukwama kwenye nguo wakati wa kuinua, na pale ndipo mnyama huondoka.

Kimo cha shavu ndicho kipimo kinachosahaulika zaidi. Vitako vingi vya zamani vilichongwa kwa ajili ya vilengeo vya chuma vilivyo karibu na mtutu, na darubini yenye lenzi ya mbele ya mm 50 au 56 inakaa juu mno kwa vitako hivyo. Bandika tabaka za kadibodi kwenye kitako chako cha sasa kwa tepu ya karatasi, ukiongeza moja moja, hadi ukifumbua macho jicho liwe katikati ya darubini bila kuinua kichwa. Pima unene wa kadibodi. Hicho ndicho unachokosa, na ndicho cha kutafuta katika kitako kipya. Kisha jiulize swali la pili: komeo litatoka? Kwenye bunduki nyingi komeo hurudi nyuma likipita juu kidogo ya sehemu ya shavu, na shavu lililoinuka sana hulizuia. Kitako chenye shavu la kurekebishwa kinatatua mambo yote mawili, kwa gharama ya uzito na skrubu za kulegea.

Mteremko wa kitako nao una neno. Kitako kilichonyooka hurudisha teke moja kwa moja begani. Kilichoteremka sana kisiginoni, yaani kwenye ncha ya juu ya nyuma, huinua mdomo wa mtutu na kupandisha kitako kwenye mfupa wa shavu. Mwenye bunduki ya risasi nzito asikubali mteremko mkubwa, hata kama kitako ni kizuri namna gani.

Kwa shingo, shika kama kawaida na uangalie ncha ya kidole cha shahada: itue kwenye kifyatulio ikivuta moja kwa moja nyuma. Mikono midogo kwenye shingo nene huvuta kwa pembeni. Shingo iliyo wima inapendeza ukilala kifudifudi, ila kwa mtu anayetembea siku nzima na kuinua bunduki akiwa amesimama, shingo iliyolala ni ya haraka zaidi.

Malighafi na uzito

Mbao ya mjozi ni nzuri, huchongeka kirahisi na haipigi kelele ikikwaruza matawi. Udhaifu wake ni unyevu: huvimba kukata nyuzi zake. Inafaa kwa mtu atakayeilaza kwenye epoksi na kuifunika kwa rangi au mafuta hadi ndani ya mifereji na chini ya mpira wa begani, sehemu ambazo mafundi wengi huziacha wazi.

Mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi hutulia zaidi na bei yake ni ya kati. Ni nzito, hata hivyo: kitako cha aina hii hufika kilo 1.3 au zaidi, wakati cha mjozi huwa karibu kilo 1. Kwa bunduki ya kupigia ukiwa umeketi si hasara kabisa.

Plastiki ya kumiminwa ndiyo ya bei nafuu zaidi. Baadhi ina mfupa wa alumini ndani, na hiyo ni tofauti kubwa: akshoni hukaa juu ya chuma, si juu ya plastiki inayobonyea. Plastiki tupu isiyo na mfupa wala nguzo (mirija ya chuma ambamo skrubu za akshoni hupita), ya bei ya chini, mara nyingi si bora kuliko ile unayoitoa. Faibaglasi iliyotandazwa kwa mkono, yenye ukakamavu wa kweli na uzito wa kilo 0.8 hadi 1.1, ndiyo jibu la wawindaji wengi, na kama bajeti inaruhusu ni vigumu kujuta. Nyuzi za kaboni hushuka hadi kilo 0.5 au 0.6.

Kuna pia chasisi ya alumini. Akshoni huketi kwenye mfuo uliokatwa kwa mashine, magazini hutoka chini, kila kitu hurekebishwa. Mara nyingi huzidi kilo 1.5, hupata baridi mkononi na hulia ikigonga jiwe. Kwa uwanja wa shabaha inafaa sana. Kwa mlima, pima kwanza mgongo wako. Katika baadhi ya nchi, vitako vya kukunjwa, vya kurekebishwa au vyenye mshiko wa bastola vinawekewa masharti, na vinaweza kubadilisha daraja la leseni ya silaha. Soma sheria ya unakoishi, na ya unakokwenda kuwinda pia.

Kabla ya kukimbilia wepesi, fanya hesabu. Kwa risasi ile ile, nishati ya teke huenda kinyume na uzito wa bunduki. Ukitoka kilo 4.0 hadi 3.2 pamoja na darubini, teke linaongezeka kwa asilimia 25. Kwa .243 hutajali. Kwa .300 Winchester Magnum utaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na hakuna kitako kinachotibu hilo. Bunduki za .375 H&H na kuendelea zinahitaji kitako chenye bolti za kukingama ndani ya mbao, au vizuio viwili vya teke, la sivyo mbao hupasuka nyuma ya akshoni.

Kufunga, hatua kwa hatua

Hata kitako kinachouzwa kama "weka na upige" kinahitaji uangalizi.

1. Toa risasi zote, peleka risasi chumba kingine, kagua chemba kwa jicho na kwa kidole. Toa komeo.

2. Fungua skrubu za akshoni na uziweke kwa mpangilio. Mara nyingi ya mbele na ya nyuma hazina urefu mmoja. Piga picha ya kila kitu kabla ya kukitoa.

3. Shusha akshoni kwenye kitako kipya bila skrubu. Izame kwa uzito wake. Ikikwama, usiilazimishe: paka rangi ya midomo au masizi kwenye chuma, ishushe tena, na uchonge tu palipoacha alama, kidogo kidogo.

4. Weka magazini na bamba la chini. Sanduku la magazini lazima licheze juu na chini kwa nusu milimita hivi. Likibanwa kati ya akshoni na bamba, unapokaza skrubu unaipinda akshoni juu ya sanduku, na bunduki itatawanya risasi bila sababu inayoonekana. Kosa hili ni la kawaida mno, na dawa yake ni kupunguza ukingo wa sanduku kwa tupa.

5. Acha nafasi ya karibu mm 0.5 nyuma ya mkia wa akshoni. Kazi ya kupokea teke ni ya uso wa nyuma wa kizuio peke yake. Mkia ukigusa mbao utaipasua kama kabari.

6. Ingiza skrubu kwa vidole. Simamisha bunduki wima, mpira wa begani sakafuni, ili kizuio kikae nyuma kabisa. Kaza ya mbele kidogo, ya nyuma kidogo, kisha rudia hadi kipimo. Kwa kitako chenye nguzo za chuma au mfupa wa alumini, Nm 6 hadi 7.3 ni kipimo cha kawaida. Kwa mbao isiyo na nguzo, Nm 4 hadi 5, maana mbao hubonyea. Kiwanda kikitoa namba yake, fuata hiyo. Tumia bisibisi yenye kipimo cha mkazo, mkono hudanganya.

7. Rudisha komeo na ulifunge. Likiwa zito kuliko zamani, legeza skrubu ya mbele. Likilainika, skrubu ni ndefu na inagusa meno ya komeo. Fanya vivyo hivyo kwa ya nyuma. Ipunguze kwa tupa, usiongeze washa.

8. Pitisha kipande cha karatasi nene chini ya mtutu kutoka ncha ya mkono wa mbele hadi karibu na akshoni. Kipite bila kukwaruza.

9. Jaribu usalama, bunduki bado tupu. Kokia komeo (lifungue na ulifunge ili pini ya kufyatulia iwe tayari), weka kufuli la usalama, vuta kifyatulio kwa nguvu, achia, kisha toa kufuli: pini isianguke. Kokia tena bila kufuli, gonga kitako pande zote kwa nyundo ya mpira, kisha funga komeo kwa kishindo mara kadhaa. Pini ikianguka hata mara moja, bunduki haiendi popote kabla fundi hajaiona.

Kulaza akshoni kwenye epoksi

Je, inahitajika? Weka saa ya kupimia yenye sindano kwenye ncha ya mkono wa mbele ikigusa mtutu, kisha legeza na ukaze skrubu ya mbele. Sindano ikisogea zaidi ya mm 0.05, akshoni inapindwa kila ukikaza. Chasisi nyingi hupita jaribio hili. Vitako vya mbao na plastiki vingi havipiti.

Tumia epoksi nzito yenye unga wa chuma, isiyotiririka. Kwarua mahali itakapokaa: nyuma ya kizuio, sentimita 3 hadi 5 chini ya pete ya akshoni (sehemu yake ya mbele inayoshika mtutu), na chini ya mkia. Plastiki haishikani vizuri na epoksi, hivyo itobolee vijitundu vya mshazari ili igande kama mizizi. Mbele, pembeni na chini ya kizuio bandika tabaka moja au mbili za tepu. Uso wa nyuma uache wazi. Ziba kwa plastisini kila tundu, mfuo na pini ya akshoni, kisha paka nta mara mbili, hadi ndani ya nyuzi za skrubu. Eneo lolote lisilo na nta litakuwa gundi, na akshoni iliyogandishwa kwa epoksi hutolewa kwa joto na machozi.

Funga tepu kwenye mtutu karibu na ncha ya mkono wa mbele ili ukae katikati ya mfereji. Mimina epoksi bila mapovu, shusha akshoni, na uishike kwa mipira ya kuvutia au skrubu zilizokazwa kwa vidole tu. Ukikaza kwa bisibisi unagandisha mkunjo ule ule uliotaka kuuondoa. Futa ziada kwa pamba yenye siki kabla haijaganda. Acha saa 24 katika joto la 20°C au zaidi. Inua mtutu kwa kugonga taratibu kwa nyundo ya mpira, toa tepu, na upanue matundu ya skrubu ili zisiguse ukuta.

Kupiga majaribio

Shabaha itahama baada ya kubadilisha kitako. Anzia mita 25, kisha mita 100, kwa makundi ya risasi 3 hadi 5, ukiacha mtutu upoe kati ya kundi na kundi. Risasi zikipanda au kushuka kwa mstari kadiri mtutu unavyopata joto, kuna mahali unagusa kitako. Zikigawanyika makundi mawili yaliyo mbali, akshoni inasogea: rudi kwenye skrubu na kizuio.

Baada ya hapo hamisha mfuko wa mchanga kutoka ncha ya mkono wa mbele hadi karibu na magazini, na upige tena. Kisha piga ukiwa umeketi, mkanda umekazwa mkononi. Kitako kigumu hakibadilishi mahali pa risasi kwa mambo hayo. Kinachobadilisha, ujue kwa sentimita ngapi kabla ya kwenda porini.

Kagua mkazo wa skrubu baada ya risasi 20 za kwanza. Kwa mbao, kagua tena baada ya wiki moja, na kila hali ya hewa inapogeuka.